Mstari Nisiouandika

Kwa miaka kumi na sita nilikula kwa kuandika maneno ya watu wengine. Meza yangu ilikuwa chini ya mkungu, hatua chache kutoka mlango wa mahakama. Juu yake palikuwa na taipureta kuukuu, kidau cha wino wa kutilia dole gumba, na mkebe wa karatasi. Walionijia walikuwa watu wasiojua kuandika, au wanaojua lakini wanaoiogopa karatasi. Niliwaandikia barua za maombi, madai ya talaka, mikataba ya kuuziana ng'ombe, wasia na hati za hiba. Sheria sikuisomea, masomo yangu yalikoma mapema, na mengine yote niliyaokota kwa masikio.

Alasiri moja alikuja mzee wa shamba. Alitaka kumpa mwanawe nyumba na mikarafuu kwa hiba, yeye mwenyewe angali hai, ili mwana asihangaike baadaye. Nikamwandikia, kisha nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, tia na mstari wa kwamba kile chumba cha ukumbini ni changu mpaka nife, na nazi za kupikia, na kanzu ya Idi." Nikacheka. Nikamjibu: "Mzee wangu, hayo baina ya baba na mwana hayaandikwi. Ukiyaandika, utakuwa umemtilia shaka mwanao." Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa akifanya la aibu, akatia dole gumba lake, akenda zake.

Nitarudi kwa mzee huyu. Kwanza sina budi kumtaja aliyenirudisha kwake, naye ni mwandishi aliyefariki mwaka 1897 katika nchi yenye milima na theluji, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa sawa na yangu, ingawa yeye aliifanya kwa shahada na muhuri. Jina lake ni Janko Kersnik.

Alinijulisha naye mwalimu mmoja wa Kislovenia niliyemtembeza Mji Mkongwe kwa siku tatu. Aliponiuliza riziki yangu naipataje, nilimweleza habari za meza na mkungu. Akasema kwamba kwao palikuwa na mtu wa kazi hiyo aliyeyageuza yale aliyoyasikia mezani kuwa hadithi. Miezi kadhaa baadaye nikapokea kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kitabu chembamba cha wanafunzi, Kmetske slike, yaani Picha za Maisha ya Wakulima, pamoja na kamusi ya Kislovenia na Kiingereza. Kitabu kile kilinichukua miaka miwili. Nilikisoma neno baada ya neno, usiku, kama mtu anayevuka mkondo kwa kukanyaga jiwe moja moja.

Kersnik alizaliwa tarehe 4 Septemba 1852 katika kasri la Brdo, karibu na kijiji cha Lukovica, si mbali na mji wa Ljubljana. Nchi hiyo wakati ule ikiitwa Kranjska, jimbo moja katika dola kubwa ya Austria. Baba yake alikuwa hakimu. Mama yake alitoka katika ukoo wa makabaila. Lugha ya kasri ilikuwa Kijerumani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha ya dola, ya mahakama, ya shule za juu na ya kila mtu aliyetaka kuhesabiwa muungwana. Kislovenia kilikuwa lugha ya jikoni, ya zizini na ya mashambani. Mtoto wa Brdo angeweza kuishi umri wake wote akiwaelewa wakulima bila ya kuwajibu kwa lugha yao.

Aliyemgeuza alikuwa mwalimu wake, Fran Levec, kijana aliyeipenda lugha yake kwa mapenzi yasiyoona haya. Alimfundisha kijana wa kasri kwamba lugha ya zizini inabeba fikra yoyote ile, madhali atatokea wa kuipakia. Urafiki wao haukukatika. Mwaka 1881, jarida la fasihi liitwalo Ljubljanski zvon, yaani Kengele ya Ljubljana, lilipoanzishwa, Levec alikuwa mhariri wake na Kersnik mmoja wa nguzo zake. Nataja haya kwa kuwa wasomaji wa kurasa kama hizi wanajua vyema: fasihi ya lugha ndogo haitegemei vipaji pekee. Hutegemea pia mtu mmoja mkaidi mwenye jarida, anayempelekea mwenziwe barua kila mwezi akimuuliza, "Iko wapi kazi yako?"

Kama wengi wetu, Kersnik alianza kwa mashairi, akayaacha. Alisoma sheria Vienna na Graz, akatumikia serikali mjini Ljubljana, na mwaka 1880 akarudi Brdo kufungua ofisi ya mthibitishaji hati. Katika sheria za Austria huyo hakuwa karani tu. Ni yeye aliyeandika mikataba ya ndoa, mauzo ya ardhi, wasia na mirathi, na aliyoyaandika yeye yalikuwa na nguvu mbele ya mahakama. Mkulima alifika kwake mara tatu au nne katika umri wake, na kila mara palikuwa na jambo zito: kuoa, kukopa, kugawa, kufa.

Ni wakulima gani hao? Mwaka 1848, miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake, dola iliwafungua wakulima kutoka katika utumwa wa makabaila. Ardhi ikawa yao, lakini si bure. Ilibidi wailipie sehemu ya thamani yake kwa mafungu ya miaka mingi, juu ya kodi. Kisha ikaja reli. Kwa karne nyingi barabara kuu itokayo Vienna kwenda bandari ya Trieste ilipita katika bonde lile lile la Lukovica, na watu walikula kwa magari ya farasi, kwa nyumba za wageni, kwa kuwauzia wasafiri shayiri na mvinyo. Reli ya Vienna na Trieste, iliyokamilika mwaka 1857, ilipita bonde jingine, la mto Sava. Barabara ikanyamaza. Wale waliokuwa na farasi wanane wakabaki na wawili, na waliokuwa na wawili wakabaki na deni. Hao ndio waliokuwa wakipanda ngazi za ofisi ya Brdo, kofia mkononi.

Tazama basi majina ya baadhi ya hadithi zake: Testament, yaani Wasia, V zemljiški knjigi, yaani Katika Daftari la Ardhi, Očetov greh, yaani Dhambi ya Baba. Mtu angedhani ni mafaili kabatini. Waandishi wa uhalisia wa zama zile waliambiwa waende wakatazame maisha kwa macho yao. Kersnik hakuwa na haja ya kwenda. Maisha yalimjia, yakakaa juu ya kiti, yakaomba yaandikwe.

Na hapa ndipo nilipokutana na neno lililonisumbua kuliko yote katika kamusi yangu. Katika Kislovenia cha kila siku, užitek ni raha, ladha, furaha ya kitu. Lakini katika hati ya mkulima, neno hilo ni fungu analojibakizia mzee anapomkabidhi mwanawe shamba. Mzee akichoka, humwandikia mrithi mali yote, na mrithi huahidi kwa maandishi kumtunza: chumba fulani, magunia kadhaa ya nafaka, kuni, maziwa, mahali pa kukaa karibu na jiko wakati wa baridi. Hati nzima huitwa preužitek, na mzee anayeishi kwa fungu hilo ana jina lake maalumu, užitkar. Nilijaribu kusema posho, nikaona ni neno la kambini. Nikasema riziki, lakini riziki hutoka kwa Mungu, haitoki kwa mwana. Mwishowe nikachagua masurufu, neno tulilolisikia kwa mama zetu walipoulizia kilichoachwa ndani. Lakini kila nililopata halikuwa na ile raha iliyojificha ndani ya neno lao. Nikajiuliza ni mzee gani huyo aliyewahi kuyaonea raha masurufu yake.

Jibu limo katika hadithi yake fupi iitwayo Mačkova očeta. Jina lenyewe ni mtihani kwa mfasiri. Kislovenia kina umoja, uwili na wingi, kama Kiarabu. Sisi tuliokaa chuoni tulilikariri neno walidaini, wazazi wawili, kabla hatujajua ni sarufi. Očeta ni baba wawili, si mmoja wala watatu. Ukoo wao ni Maček. Kiswahili chetu hakina mlango wa uwili, kwa hiyo nimeandika Baba Wawili wa Nyumba ya Maček, nami najua nimetumia maneno mengi pale mwenzangu alipotumia irabu moja.

Hadithi inakwenda hivi. Baba amemkabidhi mwanawe shamba, na hati ya masurufu imeandikwa. Mwana, akishapata, anamnyima baba kile alichoahidi: anachelewesha, anapunguza, anabishia kila pishi. Mzee analazimika kudai haki yake mbele ya sheria. Miaka inapita. Yule mwana naye anazeeka, naye anamkabidhi mwanawe, naye anafika pale pale alipofika baba yake, na malalamiko yale yale mdomoni. Hapo tunafahamu ule uwili wa kwenye jina. Baba wawili ni mtu mmoja aliyetazamwa mara mbili. Kersnik hamlaani mtu wala hatoi waadhi. Anaiweka ile hati mbele yetu, kama alivyokuwa akiiweka mbele ya wateja, na kutuonyesha kwamba kila neno lake ni sahihi na halikumfaa yeyote.

Nilipofika mwisho wa hadithi ile nilikifunga kitabu, nikazima taa, na usingizi haukuja. Yule mzee wa mikarafuu alikuwa amekaa mbele yangu.

Alirudi kwangu baada ya misimu minne ya karafuu. Alikuja amekunja nakala ya hati ndani ya mfuko wa nailoni, ameikunja mara nyingi hata mikunjo imetoboka. Hakunieleza yaliyompata, wala hakumtaja mwanawe kwa ubaya. Alisema tu kwamba sasa analala kwa dada yake. Kisha akanipa karatasi, akaniambia: "Isome tena, mwanangu. Labda ule mstari uliutia usinambie." Nikaisoma yote, tangu bismillahi hadi majina ya mashahidi, polepole, kama kwamba kusoma polepole kungeweza kuuotesha. Haukuwamo. Alishukuru. Aliuliza ni shilingi ngapi kwa kusomewa. Nikasema si kitu. Akaziacha mia mbili juu ya meza kwa kuwa hakuwa mtu wa kusomewa bure.

Kwa muda mrefu nilijitetea nafsini kwamba sikukosea. Adabu yetu inasema baba na mwana hawaandikiani. Lakini Kersnik alinifunza kwamba nilichokiita adabu kilikuwa uvivu wa kuuona ukweli. Yeye aliishi na watu walioandika kila kitu, hadi idadi ya vibaba, na bado mwana alimnyima baba. Mimi niliishi na watu wasioandika, na mwana naye alimnyima baba. Kumbe hati yenyewe haiokoi. Lakini mzee wa Maček alikuwa na kitu kimoja ambacho wangu hakuwa nacho: mahali pa kuweka kidole na kusema, "Hapa. Niliahidiwa hapa." Mimi ndiye niliyemnyima mahali hapo, tena kwa kicheko.

Isidhaniwe kwamba Kersnik aliwaona wakulima wake kuwa watu wa kuhurumiwa tu, au mabahili wasio na staha. Mwaka 1890 aliandika hadithi ambayo Waslovenia wengi huihesabu kuwa kilele chake, Kmetska smrt, Kifo cha Mkulima. Mkulima aitwaye Planjavec anaelewa kwamba siku zake zimekwisha. Hakuna kilio kirefu wala maneno makubwa. Anazipanga shughuli zake kama mtu anayefunga mlango wa ghala jioni: nani anamdai, nani anadaiwa, nini kifanywe na shamba, nani atwaliwe shauri. Anakufa akiwa na akili ya kazi. Msomaji wa Pwani ataitambua hali hiyo mara moja, kwani sisi pia tumefunzwa kwamba mwenye deni asilale bila ya wasia. Katika kurasa zile chache, mthibitishaji hati alimpa mkulima heshima ambayo washairi wa taifa walioimba milima na maua hawakuwahi kumpa. Alimwonyesha akihesabu, na akatuonyesha kwamba kuhesabu huko ni mapenzi.

Kuna tendo jingine la Kersnik ambalo wasifu wake hulipita haraka, nami naliona ni ufunguo. Rafiki yake Josip Jurčič, ambaye mwaka 1866 alichapisha Deseti brat, riwaya ya kwanza ya Kislovenia, alifariki mwezi Mei 1881, akiwa na umri wa miaka 37 tu. Aliacha riwaya nusu, Rokovnjači, juu ya wanyang'anyi wa misituni katika zama Wafaransa walipoitawala nchi ile. Kersnik akaichukua, akaimaliza. Mfasiri yeyote anajua ugumu wa kuingia katika sauti ya mwingine; kuingia katika sauti ya marehemu na kuifikisha mwisho, jina lake likibaki mbele, ni zaidi ya ufundi. Ni kutekeleza wasia.

Riwaya zake za mjini, Ciklamen ya mwaka 1883 na Agitator ya mwaka 1885, zinawatazama watu wa tabaka lake: mawakili, maofisa, mabinti wa wenye kasri, wapiga kura na wanunua kura. Yeye mwenyewe alikaa katika baraza la jimbo la Kranjska, hivyo aliijua siasa kutoka ndani, na aliwaona wazalendo waliokuwa wakilitukuza taifa jukwaani na kuzungumza Kijerumani mezani. Mwaka 1893 akaandika Jara gospoda, waungwana wa jana na juzi, juu ya maofisa wa mji mdogo na msichana mtumishi wa nyumba ya wageni anayeinuliwa na ndoa kisha kuangushwa na waungwana hao hao. Ivan Cankar alipokuja, mwaka 1901, na tamthilia yake ya kuwakejeli wanaolipigania taifa kwa maslahi yao, alikuta shamba limekwishafyekwa.

Kersnik alifariki Ljubljana tarehe 28 Julai 1897, kabla ya kutimiza miaka 45. Leo shule ya Brdo ina jina lake, na katikati ya Ljubljana kuna mtaa wa Kersnik ambao wanafunzi wa chuo kikuu hupita kila siku. Mahakama za Slovenia, nchi huru tangu mwaka 1991, zinahukumu kwa lugha ambayo katika utoto wake haikuwa na kiti barazani. Hayo hayakufanywa na mtu mmoja. Lakini yeye alitia mchango wa aina yake: aliyachukua maneno ambayo wakulima waliyasema kwa woga mbele ya karatasi, akayaweka katika karatasi nyingine isiyowaogopesha.

Mimi sikai tena chini ya mkungu. Kompyuta zilifunguliwa pande zote za mahakama, na taipureta yangu sasa iko juu ya kabati, imefunikwa kanga. Yule mzee alifariki nyumbani kwa dada yake. Nilikwenda maziko, nikasimama nyuma. Tafsiri yangu ya Mačkova očeta iko katika daftari la kurasa arubaini, na katika ukurasa wa kwanza nimebandika noti ile ya mia mbili.

Lakini watu wa mtaani bado huja nyumbani, hasa wazee, wakitaka kuandikiwa hati kabla ya kupelekwa ofisini. Nawakaribisha barazani, nawapa kahawa, nawasikiliza mpaka mwisho. Nikishamaliza kuandika nani atapata nini, naweka kalamu chini na kuuliza: "Na wewe, mzee wangu, utalala wapi?" Wengi hucheka, kama nilivyocheka mimi. Baadhi hunyamaza. Nangoja mpaka wajibu, kisha mstari ule nauandika, hata kama mwana amekaa pale pale.